Usukani wa kushoto, maduka ya kulia: Kusaka spea za malori makongwe Mbarara na Nakivale

MWENYE lori kongwe akifiwa na injini hakosi pa kukimbilia. Atapata ya mtumba Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, na akiwa na fundi mjuzi ataifunga hata kama si ya aina ile ile. Gia boksi nayo ni hivyo hivyo. Lakini usukani ukichakaa, mwenye lori huanza msako wa namna nyingine kabisa, kwa sababu usukani haukubali kubahatishwa. Injini mbovu itakulaza njiani, ila usukani mbovu utakulaza bondeni pamoja na utingo na abiria waliopanda juu ya magunia.

Haya nayaandika baada ya kuzunguka kutafuta spea za stelingi za lori la chama chetu hapa Nyagatare, mashariki mwa Rwanda. Lori lenyewe ni Mercedes-Benz 911, lile lenye pua fupi ya mviringo, ambalo mmoja wa wazee wetu alirudi nalo kutoka Bujumbura. Jina lake linajieleza: 9 ni tani tisa, yaani uzito wa lori pamoja na mzigo wake, na 11 ni nguvu za farasi 110. Ndugu yake 1113 ni tani 11 na farasi 130. Malori ya ukoo huo wa pua fupi yalianza kutoka kiwandani Ujerumani mwaka 1959, mwaka ule ule ambao wazazi wetu walianza kukimbia.

Chama kilinituma mimi, ambaye ni mwalimu wala si fundi, kwa kuwa nilisomea Nakivale na Mbarara enzi za ukimbizi, nina jamaa Isingiro, na Kinyankore hakinipi taabu. Hata hivyo, niliyojifunza huko si ya chama chetu peke yake. Ndugu wengi waliorudi, na wafanyabiashara wengi wa mpakani, wana malori ya umri huo na shida yao ni moja.

Kulia na kushoto

Chanzo cha shida ni historia. Waingereza waliziacha Uganda, Kenya na Tanzania zikiendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani ukiwa kulia mwa gari. Wabelgiji waliziacha Rwanda, Burundi na Kongo zikiendesha upande wa kulia, usukani ukiwa kushoto. Nchi nyingine za jirani zilibadili mkono zikiwa huru tayari: Ethiopia ilihamia upande wa kulia mwaka 1964 na Sudan mwaka 1973. Kwetu hakuna aliyehama, hivyo mpaka wa Kagitumba na ule wa Gatuna umebaki mahali ambapo dereva hubadili upande wa barabara.

Nasi tulivuka mipaka hiyo kwa makundi. Makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yaliwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Mwaka 1982 familia nyingi zilizokuwa zimehamia vijiji vya Mbarara zilifukuzwa, zikasongamana tena Nakivale na Oruchinga, na nyingine zikasukumwa hadi mpakani. Baada ya Julai 1994 mamia ya maelfu walirudi. Waliotoka Uganda na Tanzania walirudi na magari ya usukani wa kulia. Waliotoka Burundi na Zaire ya wakati ule walirudi na ya usukani wa kushoto. Hapo ndipo wilaya zetu za mashariki zilipopata malori ya mikono miwili, yakishirikiana barabara moja na mafundi wale wale.

Mwaka 2005 Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia, na mwaka 2014 ikayaruhusu tena malori makubwa ya aina hiyo kwa ajili ya safari za mbali. Kwa hiyo mwenye lori jipya ana uhuru wa kuchagua. Mwenye lori kongwe hana uhuru huo. Anabaki na mkono aliorithi.

Msomaji anaweza kuuliza, mkono una uzito gani katika kipuri cha chuma? Boksi ya usukani ndani yake ina skrubu nene yenye hesi, nati inayotembea juu ya gololi, na shafti yenye meno inayosukumwa na nati hiyo. Shafti hutokeza nje na kushika mkono unaoning'inia. Mkono husukuma fimbo ndefu ambayo mafundi huiita draglinki, fimbo husukuma gurudumu la upande wa dereva, kisha tairodi hupeleka msukumo huo kwenye gurudumu la pili. Boksi iliyotengenezwa kwa ajili ya kulia mwa chasisi ukiigeuza na kuifunga kushoto, mkono huo utakwenda kinyume. Dereva atazungusha kulia, lori litakwenda kushoto.

Kwa kawaida basi vipuri vya usukani viko vya aina mbili. Vipo visivyojali mkono: kingpini na bushi zake, beringi za magurudumu, tairodi na vichwa vyake vya gololi. Na vipo vinavyojali: boksi yenyewe, mkono unaoning'inia, draglinki, na mkono wa gurudumu inaposhikwa draglinki hiyo. Atakayeijua orodha hii kabla ya kupanda basi la Mbarara ataokoa nauli ya safari moja.

Msako wa Mbarara

Kutoka Kagitumba, ukivuka na kuingia Mirama Hills, ni kilomita 37 za lami hadi Ntungamo, halafu unashika barabara kuu ya Kabale kuelekea Mbarara. Mji huo, uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, umekaa penye njia panda. Upande mmoja ni Masaka na Kampala, mwingine Kabale na Rwanda, mwingine Bushenyi na Kasese kuelekea Kongo, na mwingine Isingiro hadi daraja la Kikagati na Murongo ya Tanzania. Kila lori linalokwenda pande hizo hupita hapo, na linapopita huacha pesa kwenye gereji. Ndiyo maana Mbarara kuna spea ambazo miji mikubwa kuliko huo haina.

Ila ni spea za malori ya leo. Maduka yamejaa vipuri vya Fuso na Isuzu. Kwenye duka la kwanza kijana wa kaunta aliniuliza kwa upole, "Sebo, hiyo gari bado inatembea?" Nilipomwambia inabeba mahindi kila wiki, alimwita tajiri wake aje asikie. Tajiri hakucheka. Alinionyesha rafu ya juu kabisa, yenye vumbi, akasema vya 911 vilivyobaki ni vya usukani wa kulia, kwa sababu malori hayo Uganda yote yalikuwa ya kulia.

Duka la pili na la tatu jibu lilikuwa hilo hilo. La nne lilinipa ushauri ambao wengi hupewa, nao ni hatari: nunua boksi ya kulia, fundi ataigeuza. Nimeeleza hapo juu kinachotokea boksi ikigeuzwa. Fundi akijaribu kuurudisha mwelekeo kwa kukata mkono na kuuchomelea upya, lori litageuka upande unaotakiwa, lakini uzito wa mzigo mzima utakuwa unategemea mshono mmoja.

Wenye Bedford nao wana kilio chao. General Motors iliachana na malori hayo, na mwaka 1987 kiwanda cha Dunstable, Uingereza, kikauzwa kwa mwenye kuyaita AWD, ambaye naye alifilisika mwaka 1992. Tangu hapo spea zake hutegemea akiba za zamani na viwanda vya Asia, hasa Pakistan, ambako Bedford bado zinatembea barabarani. Leyland zina nafuu kiasi kwa sababu ya Ashok Leyland ya India. Mercedes kongwe nazo zina nafuu ya aina yake: Tata ilishirikiana na Daimler-Benz kutoka mwaka 1954 hadi 1969, na malori yake ya miaka iliyofuata yalibaki na sura na mifupa ya Mjerumani. Mafundi wa Mbarara hujaribu vichwa vya tairodi vya Tata kwenye Mercedes, na wakati mwingine vinakaa sawasawa. Wakati mwingine vinafanana tu. Kufanana na kukaa ni mambo mawili.

Uliza namba, usiulize jina

Somo kubwa nililolipata Mbarara lilitoka kwa mzee mmoja wa gereji, ambaye ameshika spana tangu enzi za Idi Amin. Aliniambia kwamba nilikuwa nauliza vibaya. "Mwalimu, wewe unauliza jina la baba. Uliza jina la mtoto." Maana yake ni kwamba muuza duka ukimtajia Mercedes 911 atatikisa kichwa, lakini ukimtajia namba au kipimo cha kipuri chenyewe huenda anacho, kwenye kisanduku kilichoandikwa jina la gari jingine.

Tuanze na beringi. Hizi hazina kabila. Namba iliyochongwa ubavuni ni ya kimataifa, na tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata tundu la ndani kwa milimita, kuanzia 04 kwenda juu. Beringi 6205 ina tundu la milimita 25, iwe imetoka Japani, Ujerumani au India. Oili sili nazo huandikwa vipimo vitatu: tundu la ndani, upana wa nje na unene. Mwenye kujua vipimo hivyo hahitaji sili ya Mercedes. Anahitaji sili yenye vipimo hivyo, iliyotengenezwa kwa mpira unaostahimili oili.

Vichwa vya tairodi vinataka umakini zaidi. Pima mambo manne: unene wa mchongoko unaoingia kwenye mkono wa gurudumu, mteremko wa mchongoko huo, unene wa hesi, na upande wa hesi. Tairodi ya kawaida kichwa kimoja kina hesi ya kulia na kingine cha kushoto, ili fundi akizungusha bomba la katikati magurudumu yasogeane au yaachane bila kufungua vichwa. Ukinunua vyote viwili vya hesi ya kulia utarudi dukani. Mchongoko nao ukiwa mwembamba kidogo utaingia na nati itakaza, lakini utakuwa unacheza ndani ya tundu na kulitafuna mpaka siku kichwa kitakapochomoka.

Kwa wenye Mercedes, kila kipuri halisi kina namba inayoanza na herufi A ikifuatwa na tarakimu kumi. Tatu za kwanza hueleza gari, tatu zinazofuata hueleza kundi. Zikianza na 46 ni stelingi, zikianza na 33 ni ekseli ya mbele. Boksi nyingi zina kibati cha mtengenezaji wake, mara nyingi ZF, chenye aina na namba. Kabla hujakipiga msasa au kukipaka rangi, kiandike daftarini. Kwa Mercedes zenye namba ya chasisi ya herufi na tarakimu 17, ile ya kumi ndiyo inayotaja mkono: 1 ni usukani wa kushoto, 2 ni wa kulia. Mfanyabiashara anayeletewa ekseli, kabini au lori zima la mtumba asome hapo kwanza.

Na kuhusu bandia, tahadhari. Vichwa vya gololi vya jina la 555, vya kampuni ya Sankei ya Japani, vinasifika kwa wenye Isuzu na Fuso, na kwa sababu hiyo hiyo vinaigwa sana. Kichwa kizuri ukikishika huzunguka kwa uzito ule ule pande zote, hakina mahali kinapolegea wala kinapokwama. Maandishi yake yamechongwa, si wino. Mpira wake wa vumbi umekaa vizuri. Kile kinachozungukazunguka chenyewe kama kengele, kirudishe.

Kwa namba na vipimo hivyo, Mbarara ilinipa karibu kila kitu: bushi za kingpini, beringi, sili, na vichwa vyote vya tairodi. Kilichokosekana kilikuwa ni boksi ya kushoto. Mzee wa gereji ndiye aliyenielekeza pa kwenda. Alisema watu wa kushoto wote wako kambini.

Ufundi ulioko Nakivale

Nilidhani namjua mzee huyo ananipeleka wapi, kwa kuwa Nakivale ndiko nilikojifunza kusoma. Ukipita Kaberebere unaacha lami na kushika vumbi hadi Base Camp, karibu na ziwa. Nakivale ya utoto wangu ilikuwa ya Wanyarwanda. Ya leo ina Wakongomani, ambao ndio wengi, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, zaidi ya watu laki moja. Kiswahili chake ni cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Mogadishu kwa pamoja. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na ndiyo maana kuna maduka, saluni, mashine za kusaga na gereji.

Katika gereji moja ya aina hiyo, chini ya turubai, nilimkuta fundi kutoka Kivu ya Kaskazini. Alikuwa amekaa juu ya ringi ya tairi akisafisha gololi kwa dizeli, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Nilipomtajia 911 ya kushoto aliinuka na kunipa kiti.

Kwa mtu aliyekulia Kongo, usukani wa kushoto ndio usukani. Malori ya kizamani ya Mercedes yamesafirisha kahawa, ndizi na mbao katika barabara mbovu kuliko zetu, na mafundi wa huko wameyafungua na kuyafunga mara nyingi kuliko walivyoweza kuhesabu. Vita viliwatoa kwao bila malori na bila vifaa. Huyu alikuja na kalipa moja ya kupimia na spana chache. Warundi waliotoka Buyenzi, mtaa wa mafundi na wa Waswahili wa Bujumbura, nao wana ujuzi wa namna hiyo. Hata wazee wa Kisomali wana lao la kusimulia, maana Fiat 682 zao za Italia nyingi zilikuwa na usukani kulia katika barabara za kuendesha kulia, na waliishi nazo hivyo hivyo miaka mingi.

Nilitegemea kwamba fundi ataniuliza nina pesa kiasi gani. Aliuliza, "Boksi yenu mbovu iko wapi, Mwalimu?" Nikamwambia iko Nyagatare, imetupwa nyuma ya ghala. Akasikitika. Alinieleza kwamba boksi za kushoto hazitengenezwi tena kwa malori haya, hivyo kila iliyopo ni mtaji. Yeye hununua zilizokufa tatu na kutoka humo hupata moja iliyo hai. Alikuwa nayo moja tayari, iliyotoka kwenye lori lililokatwa, na sharti lake lilikuwa kwamba sehemu ya malipo iwe boksi yetu mbovu.

Kabla ya kukubali aliniruhusu niione ikifunguliwa, na hapo alinifundisha namna ya kuchagua boksi ya mtumba. Kwanza izungushe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ukihesabu mizunguko. Ikikwama popote au ukisikia mchanga ndani, iache. Pili, rudi katikati kabisa, kwani hapo ndipo boksi huchakaa zaidi. Lori husafiri sehemu kubwa ya maisha yake likienda moja kwa moja, hivyo meno ya katikati hulika kuliko ya pembeni. Boksi inayocheza katikati na kukaza pembeni imekwisha. Wauzaji wengine hukaza skrubu ya juu ili ule mchezo wa katikati upotee machoni pa mnunuzi. Lori likifungwa boksi hiyo, kwenye kona kali usukani utagoma kurudi. Tatu, angalia shafti mahali inapogusana na bushi na sili. Ikiwa na mfereji unaoingia ukucha, oili itavuja hata ukiweka sili mpya.

Boksi yake meno yalikuwa mazima ila bushi za shafti zilikuwa zimelika. Alizipima, akaandika vipimo kwenye kipande cha katoni, nikarudi navyo Mbarara kwa fundi wa mashine ya kukereza. Huyo alichonga bushi mpya za shaba siku hiyo hiyo. Kwa hiyo usukani wetu uliundwa na watu wawili ambao hawajawahi kuonana: mmoja mkimbizi mwenye ujuzi bila mashine, mwingine mwenyeji mwenye mashine ambaye hajawahi kuona boksi ya kushoto. Mwenye lori ndiye aliyekuwa daraja.

Kisichochomelewa

Siku ninatoka Nakivale tulilikuta lori la mahindi limelala mtaroni karibu na mteremko. Hakuna aliyekufa, Mungu saidia, ingawa juu ya magunia walikuwapo akina mama na watoto waliokuwa wanakwenda mnadani. Draglinki ilikuwa imekatika. Nilipoinama kuangalia niliona rangi mbili za chuma: mng'aro wa mpasuko mpya, na weusi wa mshono wa zamani. Ilikuwa imechomelewa.

Nimesema kwamba wenye malori makongwe ni watu wa kubana matumizi, na si vibaya. Kabini ichomelewe, bodi ichomelewe, hata bampa. Lakini draglinki, tairodi, mkono wa boksi na mkono wa gurudumu havichomelewi, na vikipinda havinyoshwi kwa moto. Vyuma hivyo vilifuliwa na kupewa ugumu wake kiwandani. Moto wa gesi au wa umeme huuondoa ugumu huo mahali pamoja, na hapo ndipo vitakapokatika, kwa kawaida lori likiwa na mzigo na likiwa mteremkoni. Vichwa vya gololi navyo visinunuliwe mtumba. Boksi inaweza kuwa ya mtumba iliyokarabatiwa, kichwa cha gololi kiwe kipya.

Dereva anaweza kuupima usukani wake asubuhi bila fundi. Weka magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Kama ni stelingi ya kawaida zima injini. Kama ni ya pampu iwashe. Zungusha usukani polepole mpaka tairi zianze kutikisika. Madereva wa malori Marekani hufundishwa kwamba mchezo ukizidi sentimita 5 kwenye usukani wa upana wa sentimita 50, lori lisitoke. Kipimo hicho kinatufaa na sisi.

Kisha mtu mmoja atikise usukani kushoto na kulia, mwingine aingie chini na kushika kila kiungio kwa mkono. Kinachocheza utakisikia kwenye vidole kabla hujakiona. Mwisho piga jeki, shika tairi juu na chini, itikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi. Ukibaki ni kingpini. Shika tena kushoto na kulia. Ikicheza hapo angalia vichwa vya tairodi. Baada ya hayo tia grisi. Kingpini nyingi zinazotupwa ziliuawa na ukame wa grisi.

Mpakani

Kwa wafanyabiashara, kuna mambo matatu ya kukumbuka. Jambo la kwanza ni risiti. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa cheti cha asili kinachotolewa pale pale mpakani kwa bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mahindi, maharage na samaki wanaingia humo. Kichwa cha tairodi kutoka Japani au India hakigeuki kuwa cha Uganda kwa sababu kimenunuliwa Mbarara. Kitangaze, uwe na risiti ya duka, na bei iwe ya kweli.

Jambo la pili ni kutotegemea mlango mmoja. Mpaka wa Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, na Gatuna haikufunguliwa tena hadi tarehe 31 Januari 2022. Waliozoea Mbarara walilazimika kuelekeza macho Rusumo na Tanzania, au kusubiri. Waliokuwa na namba na vipimo daftarini waliweza kuagiza popote. Waliokuwa wanategemea kumbebea muuzaji kipuri kibovu kama sampuli walikwama. Kongo nayo imejiunga na Jumuiya mwaka 2022, na hilo litafaa kwa wenye kushoto iwapo njia zitakuwa na amani.

Jambo la tatu ni chuma chakavu. Wanunuzi wa skrepa hupita vijijini mwetu kila wiki, na lori la kushoto lililokufa wanalipima kwa kilo. Chuma hicho huishia kwenye viwanda vya nondo. Kila mara lori kama hilo linapokatwa zima zima, boksi moja ya kushoto isiyotengenezwa tena huyeyushwa pamoja na bodi. Kabla ya kuuza fungua boksi, mkono wake, draglinki na mikono ya magurudumu. Vipake grisi, vifunge kwenye gunia, viandike aina ya lori. Fundi wa Nakivale atalipa kuliko mzani wa skrepa, na huenda siku moja mwenye kuvitafuta ukawa wewe.

Chama chetu kimeamua kufungua daftari la namba, la mkono, bila gharama yoyote. Kila mwenye lori kongwe anaandika aina ya lori lake, mkono wa usukani, namba ya kibati cha boksi, vipimo vya vichwa na beringi, na mahali alipopata spea. Vyama vingine vya Kagitumba, Ntungamo, Isingiro na Murongo vikifanya hivyo, na madaftari yakasomwa pande zote, lori la Nyagatare litaweza kupata boksi iliyoko ghalani Karagwe bila mtu kupoteza wiki. Boksi yetu mbovu imekwisha kusafirishwa Nakivale kama tulivyokubaliana. Fundi amesema ameipata moja nyingine iliyokufa, na anatafuta ya tatu.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wilayani Nyagatare.